Mafahali wawili wa umeme wasikae zizi moja

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha wiki. Tunayachapa hapa kwa manufaa ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Umeme unapokatika katika miji yetu, giza halikai kimya kwa muda mrefu. Mtaa mzima huguna kwa pamoja, kisha baada ya dakika moja ama mbili jenereta zinaanza kunguruma: moja kwenye duka la dawa, nyingine saluni, nyingine kwa jirani mwenye bucha. Tumezoea sauti hizo kiasi kwamba hatujiulizi tena swali moja muhimu sana. Umeme ule wa jenereta unaingia ndani ya nyumba kwa njia gani? Na ukishaingia, unaishia wapi?

Leo ningependa tuzungumzie jambo hilo, yaani namna ya kuunganisha umeme wa akiba na umeme wa shirika katika nyumba moja bila ya kuleta maafa. Hasa tutazungumzia ile swichi inayobadilisha umeme yenyewe, bila ya mtu kuigusa, ambayo mafundi wetu huiita ATS. Sikusudii kumfundisha kila msikilizaji awe fundi umeme. Kusudi langu ni kwamba mwenye nyumba, mwenye duka, mwenyekiti wa kamati ya zahanati ama ya msikiti au kanisa, aelewe anachouziwa, na aweze kumsimamia fundi wake kwa macho yaliyo wazi.

Wapo watakaosema kwamba mgao umepungua, basi habari za jenereta zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba mgao mkali kama ule wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, si jambo la kila siku. Lakini umeme haukatiki kwa sababu ya mgao peke yake. Nguzo huanguka, transfoma huungua, tawi la mwembe hulalia waya wakati wa masika. Ndugu zetu wa Unguja wanalijua jambo hili kuliko sisi sote. Mwezi Mei 2008, hitilafu katika njia ya umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari iliuacha mji wa Zanzibar gizani kwa muda wa karibu mwezi mzima. Halafu mwezi Disemba 2009 waya huo ukaleta hitilafu tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010, miezi mitatu kamili. Pampu za maji zilisimama, na kila aliyejiweza alitafuta jenereta. Jenereta nyingi kiasi hicho zikifungwa kwa haraka, nyingine na watu wasio mafundi, hatari nazo huongezeka.

Hatari iliyojificha ukutani

Tuianze hatari yenyewe, kwa maana asiyeijua hataona sababu ya kutumia fedha kuizuia.

Njia ya mkato inayotumiwa na watu wengi ni hii. Mtu ananunua jenereta ndogo ya petroli. Anamwita kijana wa mtaani, ambaye anamtengenezea waya wenye plagi za kiume pande zote mbili. Upande mmoja unachomekwa kwenye jenereta, upande mwingine kwenye soketi ya ukutani, na mara taa za nyumba nzima zinawaka. Watu wanapiga makofi. Fundi analipwa chake anaondoka.

Kwanza, plagi ile ya kiume iliyo wazi ina umeme wa volti 230 kwenye meno yake. Ikichomoka ukutani jenereta ikiwa inawaka, mtoto atakayeiokota ameshika mauti mkononi.

Pili, umeme haujui kwamba mwenye nyumba ameukusudia uishie sebuleni. Nyaya za nyumba zimeunganishwa na mita, mita imeunganishwa na waya wa nguzoni, na waya wa nguzoni umeunganishwa na transfoma. Kama swichi kuu haikuzimwa, umeme wa jenereta unatoka nje kwa njia ileile ambayo umeme wa shirika huingilia. Sasa, transfoma kazi yake ni kushusha umeme wa volti 11,000 au 33,000 kuwa volti tunazozitumia majumbani. Lakini transfoma ni mlango usio na komeo: ukiuingiza umeme kwa upande wa chini, inaupandisha kwa upande wa juu. Volti 230 zinazotoka kwenye jenereta yako zinaweza kugeuka kuwa volti 11,000 kwenye waya ambao fundi wa shirika, aliyepanda nguzoni kuturudishia umeme, anaamini kwamba umezimwa.

Watu wengine hubisha, wakisema kwamba jenereta ndogo haiwezi kuubeba mtaa mzima, itazimika mara moja. Mara nyingi ni kweli, itazidiwa na mzigo wa majirani. Lakini kama waya umekatika karibu na kwako, au fyuzi za mtaa zimeondolewa, mzigo wa majirani haupo, na jenereta itaendelea kunguruma huku ikipeleka umeme mahali pasipotakiwa. Maisha ya mtu hayawekwi rehani juu ya neno "mara nyingi". Kweli, fundi wa shirika ana kanuni zake za kupima waya na kuufunga kwenye ardhi kabla ya kuugusa. Hata hivyo si haki sisi tumtegee, kisha tuseme angejihadhari.

Tatu, iko siku umeme wa shirika utarudi jenereta ikiwa inawaka. Umeme tunaoutumia hufanya mizunguko 50 kila sekunde, unakwenda na kurudi. Jenereta nayo inazunguka kwa mwendo wake. Vyanzo viwili hivyo vikikutana bila ya kulinganishwa, ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Anayeshindwa ni mnyonge, na mnyonge hapa ni jenereta yako. Nyaya zake za ndani zinaungua, na moto unaweza kuanza.

Wazee wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sidhani kama walikuwa wanafikiria habari za umeme, lakini hakuna msemo unaolifaa somo hili zaidi ya huo.

Swichi ya mkono

Dawa yake imejulikana miaka mingi. Ni swichi yenye njia tatu: upande mmoja umeme wa shirika, upande wa pili jenereta, na katikati hakuna kitu. Mpini wake ukiwa juu, nyumba inapata umeme wa shirika. Ukiwa chini, nyumba inapata umeme wa jenereta. Ili uende kutoka juu mpaka chini, sharti upite katikati, mahali ambapo nyumba haina umeme wowote. Chuma chenyewe kilivyotengenezwa hakiruhusu pande mbili zikutane, hata mtu akiwa amelewa, hata akiwa na haraka, hata akiwa gizani.

Swichi hii ya mkono, ambayo mafundi huiita chenji ova, si ghali ukiilinganisha na jenereta yenyewe, na kwa nyumba nyingi za kawaida inatosha kabisa. Kama unayo jenereta ya kuvuta kamba, usidanganywe ununue ATS. Swichi ya kujiendesha haina mkono wa kuvuta kamba. Inahitaji jenereta yenye selfu na betri, na kama ni ya petroli iwe na choki inayojivuta yenyewe.

Swichi inayojiendesha inawafaa hasa wale ambao mtu wa kupandisha mpini hayupo karibu wakati wote: zahanati yenye friji ya chanjo, ambayo inatakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 usiku na mchana; bucha la samaki; mnara wa simu; jengo la ghorofa lenye lifti; nyumba yenye mgonjwa anayetumia mashine ya kupumulia.

Inavyofanya kazi

Sasa tuifuate ATS hatua kwa hatua, kama vile tunaitazama ikifanya kazi.

Ndani ya boksi lake kuna mlinzi, yaani rilei inayopima umeme wa shirika muda wote. Mlinzi huyu haangalii tu kama umeme upo au haupo. Anaweza kupangwa pia aukatae umeme uliopungua sana, ule unaofanya friji ilie bila ya kuganda, au umeme uliozidi. Katika nyumba zenye fezi tatu, anaangalia kama fezi zote zipo, kwa sababu fezi moja ikipotea, mota za fezi tatu huungua.

Umeme ukikatika, mlinzi hafanyi pupa. Anangoja sekunde chache, labda 3 ama 5, kwa maana umeme wetu una tabia ya kupepesa na kurudi. Ukiwa kweli umekwenda, anaunganisha nyaya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye jenereta. Hiyo ndiyo ishara ya kuwaka. Selfu inazungusha, injini inashika. Mlinzi anangoja tena, sekunde 10 hadi 20 hivi, mpaka jenereta itulie na volti zake ziwe sawa. Hapo ndipo anaachia upande wa shirika kabisa, na baada ya hapo, si kabla, anashika upande wa jenereta.

Umeme wa shirika ukirudi, hali ni kinyume chake lakini kwa subira zaidi. ATS iliyopangwa vizuri hungoja dakika kadhaa kuhakikisha kwamba umeme umerudi kukaa, si kusalimia tu. Kisha inaachia jenereta, inashika shirika, na kuiacha jenereta izunguke bila ya mzigo kwa dakika 2 hadi 5 ili injini ipoe, ndipo inaizima. Mwenye nyumba anayekimbia kuizima jenereta papo hapo kwa kuhurumia mafuta anaiharibu injini yake mwenyewe.

Mtaona basi kwamba hata swichi bora huacha kipindi cha giza. Kanuni za Marekani huzitaka hospitali ziwe zimepata umeme wa dharura kwa vifaa vya kuokoa maisha ndani ya sekunde 10. Sekunde 10 ni chache ukiwa sebuleni, bali ni nyingi mno kwa daktari ambaye kisu chake kimo tumboni mwa mgonjwa. Kwa hiyo taa ya chumba cha upasuaji haitegemei jenereta peke yake. Lazima iwe na betri ya kuziba pengo hilo. Hali kadhalika kompyuta.

Nyaya zinavyofungwa

Tufike sasa kwenye kazi yenyewe ya kufunga nyaya. Ninarudia, kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Lakini simama karibu naye, ukiwa na mambo saba haya kichwani.

La kwanza ni mahali. ATS inakaa baada ya mita na swichi kuu, na kabla ya boksi la kugawia umeme lenye breka za vyumba. Kutoka swichi kuu nyaya zinaingia upande wa shirika. Kutoka kwenye breka ya jenereta nyaya zinaingia upande wa jenereta. Upande wa tatu, wa kutokea, unakwenda kwenye boksi la kugawia. Pasiwe na njia nyingine yoyote ya jenereta kuingia ndani ya nyumba. Wala fundi asiguse lakiri ya mita wala nyaya zilizo kabla ya mita. Hizo ni mali ya shirika, na shirika ndilo la kuombwa lizime umeme kazi inapofanyika.

La pili ni kufuli mbili. ATS nyingi za kuundwa na mafundi wetu hutumia kontakta mbili, moja ya shirika na moja ya jenereta. Ni lazima zifungwe kufuli la umeme, yaani koili ya kontakta moja ipate umeme wake kwa kupitia mguso wa kontakta ya pili ambao huwa umefunga pale tu hiyo ya pili inapokuwa imeachia. Lakini kufuli hilo halitoshi. Mguso wa kontakta huweza kuyeyuka na kuganda. Hivyo liwepo na kufuli la chuma katikati ya kontakta hizo mbili, kipande kinachozuia moja isishike ilhali nyingine imeshika. Mwulize fundi wako: "Fundi, kufuli la chuma liko wapi?" Akianza kuzunguka kwa maneno, mwambie akuoneshe kwa kidole.

La tatu ni nyutro. Hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Hubadilisha waya wa moto peke yake, na nyutro za pande mbili wanazifunga pamoja moja kwa moja. Maana yake ni kwamba nyumba ingali imeshikana na mtandao wa shirika kwa waya mmoja, na hitilafu ikitokea volti zinaweza kutoka nje kwa njia hiyo. Hali kadhalika, kama nyutro ya jenereta nayo imefungwa kwenye ardhi, umeme unaorudi unagawanyika njia mbili, na ile breka ya kuokoa maisha, inayopima kama umeme uliokwenda ndio uliorudi, inaruka ovyo bila ya sababu ya kueleweka. Mwishowe mwenye nyumba anaiondoa kwa hasira, na kinga ya watoto wake imekwenda nayo. Kwa nyumba ya fezi moja, chagua swichi inayokata nyaya mbili, moto na nyutro. Kwa fezi tatu, chagua inayokata nyaya nne. Tena hiyo ya nyaya nne ihakikishwe kwamba nyutro haiachii kabla ya fezi, kwa sababu nyutro ikipotea kwenye fezi tatu, redio na friji zinaweza kujikuta zinapokea volti zinazokaribia 400.

La nne ni ethi. Waya wa ethi haupiti kwenye swichi, haukatwi hata siku moja. Ethi ya nyumba, mwili wa jenereta na boksi la ATS vyote vinaunganishwa pamoja daima. Jenereta ipigiwe fimbo yake ya ethi, na ikiwa swichi inakata nyutro, basi nyutro ya jenereta iunganishwe na ethi palepale kwenye jenereta. Jenereta ndogo nyingi zinatoka dukani zikiwa hazina muungano huo. Bila ya muungano, umeme unaovuja hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, na breka ya kuokoa maisha haitaona lolote la kuifanya iruke. Utakuwa na kinga inayopendeza ukutani isiyofanya kazi.

La tano ni rangi za nyaya. Majengo yetu yanazo rangi za zamani na rangi mpya, na wakati mwingine zimechanganywa katika boksi moja. Zamani nyekundu, njano na buluu zilikuwa za moto, na nyeusi ilikuwa nyutro. Kwa utaratibu mpya, moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Mnaona hatari yake? Nyeusi ambayo jana ilikuwa nyutro leo ni moto, na buluu ambayo jana ilikuwa moto leo ni nyutro. Fundi asiamini rangi, aamini kipimo. Na penye fezi tatu ahakikishe mpangilio wa fezi za jenereta ni uleule wa shirika, la sivyo pampu ya kisima itazunguka kinyumenyume.

La sita ni ukubwa. Watu hununua ATS kwa kuitazama jenereta. Jenereta ya kVA 5 hutoa kiasi cha ampea 22 tu, basi wananunua swichi ya ampea 25 au 32. Wanasahau kwamba kwa siku nyingi za mwaka swichi hiyohiyo inabeba umeme wote wa shirika unaoingia nyumbani, wenye breka kuu ya ampea 60 ama 63. Swichi inachemka, plastiki inanuka, na siku moja moto unazuka ukutani. Swichi isipungue breka kuu, na nyaya za upande wa shirika na za kutokea ziwe nene vilevile. Upande wa jenereta peke yake ndio unaoweza kuwa mwembamba, mradi umelindwa na breka ya kiasi chake.

La saba ni zile nyaya mbili za ishara ya kuwaka. Hizi hazitakiwi kuwa na umeme wa volti 230 hata kidogo. Kazi yake ni kugusana tu, kama mtu anayebonyeza kengele. Fundi akikosea akazifunga kwenye koili, ubongo wa jenereta utaungua siku ya kwanza. Zipitishwe mbali na nyaya kubwa, na ziandikwe alama pande zote mbili.

Hesabu ya mzigo

ATS haichagui. Ikishika jenereta, inaibebesha kila kilichowashwa ndani ya nyumba. Tufanye hesabu ndogo. Jenereta ya kVA 5 kwa kawaida inatoa kilowati 4, yaani wati 4,000. Friji wati 200, taa kumi wati 100, televisheni wati 100, feni tatu wati 210, pampu ya maji wati 750. Jumla wati 1,360. Hapo jenereta inacheka. Ongeza birika la umeme la wati 2,000, tumefika 3,360. Mtu wa chumba cha pili akichomeka pasi ya wati 1,200, tumefika 4,560, na jenereta imezidiwa. Tena mota ya friji au ya pampu, inapoanza, huvuta umeme mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida.

Njia ya busara ni kuligawa boksi la umeme kuwa mawili. Moja la vitu vya lazima: taa, friji, pampu. Jingine la vitu vinavyoweza kungoja: jiko, pasi, kipoza hewa, hita ya maji. ATS ifungwe kabla ya lile la kwanza tu. Kwa kufanya hivyo utanunua jenereta ndogo na kuchoma mafuta machache. Lakini usivuke kwenda upande wa pili, ukanunua jenereta kubwa mno. Injini ya dizeli inayozunguka muda wote chini ya theluthi moja ya uwezo wake huchafuka, ikatoa moshi mzito na kufa kabla ya wakati wake.

Siku hizi pia wako wanaotumia inveta na betri, au umeme wa jua, mahali pa jenereta. Hakuna moshi wala kelele, lakini kanuni ya mafahali wawili haikubadilika. Inveta nayo inatoa volti 230, nayo inaweza kuua mtu nguzoni ikifungwa ovyo.

Mtumishi anayeamka mwenyewe

Iko hatari moja ambayo ni ya ATS hasa. Jenereta ya kuvuta kamba haiwaki mpaka mtu awe macho. Jenereta ya ATS huwaka saa nane za usiku, watu wote wakiwa wamelala. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini bila ya kumwamsha. Kwa hiyo jenereta isiwekwe ukumbini, wala stoo, wala kwenye gereji iliyoshikana na nyumba, hata kama kuna wezi. Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye dirisha, na moshi uelekee mbali na kwako na kwa jirani pia. Kama unaogopa wezi, ijengee kibanda cha nondo kinachopitisha hewa.

Vilevile, anayetaka kubadilisha oili au kufunga mkanda wa jenereta hiyo, kwanza aiweke kwenye sehemu ya kuzima, kisha aondoe waya wa betri. Vinginevyo umeme ukikatika wakati mkono wake uko kwenye feni, mashine haitamwuliza kama yuko tayari. Na pabandikwe maandishi makubwa: "Mashine hii huwaka yenyewe".

Jaribu kabla ya siku ya shida

Jambo la mwisho ni kujaribu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ikabaki gizani kwa muda mrefu kwa sababu jenereta iliyotegemewa ilikataa kuwaka. Waziri wa uchukuzi aliomba radhi hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Ikiwa jambo hilo limeufika uwanja mkubwa kama ule, wenye wahandisi wake, sembuse duka la dawa la mtaani?

Sababu kubwa ya jenereta kugoma ni betri iliyokufa kimyakimya. Betri ya selfu iwekewe chaja ndogo inayoilisha wakati umeme wa shirika upo. Kila wiki, siku moja mliyoichagua, zima swichi kuu kwa makusudi na uiangalie kazi yote: imewaka? Imebeba mzigo? Swichi kuu ilipowashwa tena, imerudi na kujizima? Kuiwasha jenereta bila ya kuipa mzigo si jaribio, ni kelele tu. Na mafuta yakaguliwe, kwa kuwa mafuta yaliyokaa mwaka mzima tangini huharibika.

Ndugu wasikilizaji, Tanzania Bara mafundi wa kufunga umeme hupewa leseni na EWURA. Iulize leseni hiyo bila ya haya, kama unavyomwuliza dereva. Kazi ikimalizika, mwambie fundi akuchoree mchoro wa alichokifanya, aubandike ndani ya mlango wa boksi, ili fundi wa kesho asifanye kazi kwa kubahatisha. Na siku ile ya kwanza, simama mwenyewe uone kwamba jenereta inapowaka, testa haioneshi umeme wowote upande wa shirika. Jaribio hilo huchukua dakika moja tu.

Kuna mtu ambaye hatutamjua kamwe, aliyepanda nguzo kwenye mvua usiku wa manane ili sisi tupate mwanga. Hana njia ya kugonga mlango wa kila nyumba kuuliza kama jenereta imefungwa sawasawa. Anatuamini tu. Tusimwangushe.